Beji zetu za Disney zinaota kutu, nifanyeje?

Habari za Shangani, Mtwara. Dada yangu yuko Florida, kila akija anatuletea beji za kubandika nguoni kutoka bustani ya burudani ya Disney ya huko. Sasa tunazo 23. Jumapili mimi na wanangu tunazitandaza mkekani, kila mmoja anaisimulia yake. Lakini hewa ya bahari inazila: ile ya kasri, sindano yake imeshakuwa nyekundu. Inaniuma sana.

— Pole dada. Usisugue kwa ndimu! Futa kwa kitambaa kikavu, weka kwenye kopo linalobana na vile vifuko vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu vipya. Mimi niko Lindi, zangu zimepona hivyo.

— Igeuze nyuma. Beji za toleo dogo huchapwa idadi ya nakala zilizotengenezwa. Kubadilishana beji pale Florida kulianza 1999, za mwanzo zitunze.

— Ahsanteni. Nyuma imeandikwa mwaka 2000! Kitinda mimba ameshaificha chini ya mto.