Kukata wanga: tubaki awamu ya kwanza au tupande?

Mkazi wa Sahare
Wana Tanga, salaam. Hoja hii imegawa kijiwe chetu na sasa inaingia majumbani, tuijadili waziwazi. Tangu Idi wengi tumekata wanga kwa mtindo wa Atkins, yule daktari wa moyo wa New York aliyetoa kitabu chake mwaka 1972. Awamu ya kwanza ndiyo kali: gramu 20 za wanga kwa siku. Ugali hapana, wali hapana, muhogo hapana, matunda hapana. Unakaa wiki mbili, kisha unaongeza gramu 5 kila wiki mpaka uone uzito umegoma kushuka. Sasa kuna waliokataa kupanda. Wanasema njaa imekwisha, nguo zimelegea, kwa nini turudishe tulichokifukuza? Wengine wanasema huko ni kujitesa bure. Mimi nasema mwenye kilo nyingi za kupunguza abaki hata miezi, Atkins mwenyewe aliruhusu. Mwenye kilo chache apande. Ila wale wanaoshushia madafu Raskazone kila jioni halafu wanajiita awamu ya kwanza, waache kutuvurugia hesabu.

Nahodha
Umenilenga mimi, ungetaja jina tu. Dafu ni maji, bwana. Halikupita kiwandani, halikutiwa sukari na mtu. Mzee wangu kalinywa maisha yake yote na hakuwahi kuwa na kitambi.

Bint Muheza
Kaka Nahodha, si ugomvi. Maji ya dafu yana kama gramu 4 za wanga kwa kila mililita 100. Dafu lililojaa halikosi mililita 300. Hapo gramu 12 zimeshakwenda, na siku nzima una 20. Bado hujagusa bamia.

Barabara ya 12
Yaani leo nazi imekuwa adui? Tanga hii? Mchicha tuuunge na nini, maji ya bomba?

Bint Muheza
Nimesema dafu, sikusema nazi. Soma kwanza ndipo ujibu. Tui zito lina mafuta mengi, wanga wake kidogo. Mchicha wa nazi, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, vyote unakula awamu ya kwanza na unashiba.

Barabara ya 12
Wewe kwenu machungwa, utatufundisha nazi sisi?

Nahodha
Mwambie! Na hizo gramu nani kazipima? Madafu hayafanani. Changa lina maji mengine, lililoanza kushika nyama lina maji mengine.

Bint Muheza
Hilo ni kweli, hayafanani. Basi utajuaje hilo unalokunywa lina gramu ngapi? Huwezi. Ndiyo maana wenye akili wanaliacha mpaka wapande awamu.

Fundi Makorora
Mmezama kwenye dafu, swali limewapita. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, wanaiita glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na maji kama gramu 3. Ukikata wanga akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ndiyo ile wiki ya kwanza mtu anapanda mizani anapiga vigelegele. Kilichotoka zaidi ni maji, mafuta hutoka polepole.
Halafu kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2018, watu 600 na ushei, mwaka mzima. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine likapunguza wanga. Hawa wa wanga waliambiwa washuke hadi gramu 20 ndani ya wiki 8 za mwanzo, kisha wakawa wanaongeza taratibu mpaka kila mtu afike pale anapodhani ataweza kuishi napo. Mwisho wa mwaka walikuwa wamepungua wastani wa kilo 6, wenzao wa mafuta kilo 5 na pointi 3. Watafiti wakasema tofauti hiyo si ya kuhesabika. Kwa hiyo wiki mbili si amri ya Mungu. Lakini hata hao hawakuwaacha watu chini wakatulia huko.

Chumbageni Kati
Huyo Atkins mnayemfuata si alikufa kwa moyo? Na nyama zake zile.

Fundi Makorora
Aliteleza kwenye barafu New York, Aprili 2003, akaumia kichwa, akafa hospitali. Alikuwa na miaka 72.

Chumbageni Kati
Na mwaka mmoja kabla moyo ulimsimama, hilo mbona hulisemi?

Fundi Makorora
Nimejibu ulichouliza.

Mama wa Mikanjuni
Nimewasoma wote tangu juu. Gramu, maji, Marekani. Anayepika hakuna aliyemtaja. Bwana wangu yuko awamu ya kwanza na anasema hatoki hapo. Kila siku natenga sufuria mbili: yake samaki wa kukaanga na mboga ya nazi, ya watoto ugali na dagaa. Mtoto mdogo anakaa anaangalia sahani ya baba yake, kibua mzima, yeye kapewa dagaa. Juzi kauliza, “Mama, samaki ni wa watu wazima?” Mnaposema mtu abaki miezi, mnajua mafuta ya kupikia na samaki vinatoka mfuko gani?

Nahodha
Shemeji, bwana akipungua si faida yako pia? Akianguka na presha nani atauguza?

Mama wa Mikanjuni
Usinitishe na presha. Nimeuliza habari ya samaki.

Barabara ya 12
Wanawake wa siku hizi, kupika sufuria mbili imekuwa kesi.

Bint Muheza
Chukua wewe mwiko wa hiyo sufuria ya pili. Mwanaume anayejua kuhesabu gramu anajua na kuwasha jiko.

Mkazi wa Sahare
Tafadhali turudi kwenye mada. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini wanga ukija hauondoki. Ndiyo sababu watu wanaogopa kupanda. Mimi nimeona rafiki zangu watatu wamepanda awamu, wiki ya pili wako kwenye vitumbua.

Bint Muheza
Hao hawakupanda, wameruka. Gramu 5 ni kama nusu ya chungwa dogo. Nusu! Unalikata, unakula nusu, nusu unampa mtoto. Wiki nzima hivyo, unatazama mizani. Hakuna kitumbua katika gramu 5. Tena wengi wenu huko chini hamfuati hata hiyo awamu ya kwanza. Mpango unataka gramu 12 hadi 15 kati ya zile 20 zitoke kwenye mboga. Nyinyi mnakula mayai na nyama tupu halafu mnalalamika choo kigumu na kichwa kinagonga.

Nesi Mstaafu
Naingia kwa sababu hakuna aliyegusa jambo linaloweza kuua. Mwenye sukari anayemeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, au kuchoma insulini, akikata wanga ghafla na dawa ikabaki ileile, sukari inaporomoka. Nimemwona mama mmoja Pongwe, kikombe kinamtetemekea mkononi, jasho limelowesha kanga, nyumbani wanasema kapagawa. Madaktari wa simu mmewaambia watu “baki miezi” bila kuuliza anameza nini. Mjamzito naye na mwenye maradhi ya figo asianze bila kuonana na daktari.

Mkazi wa Sahare
Daktari wa simu ni mimi? Nimeandika msimamo wangu, sijamwandikia mtu dawa.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, watu wanakusoma na wanafuata. Hilo ndilo linaloniuma.

Chumbageni Kati
Si nilisema tangu mwanzo hii kitu ni hatari?

Fundi Makorora
Wewe ulisema Atkins.

Binti wa Usagara
Samahani nawaingilia. Bi nesi, shikamoo. Mama yangu anameza glibenclamide, na tangu Jumatatu anakula na mimi bila wanga. Leo kaamka analalamika njaa na mikono inamtetemeka. Nikadhani ndio mwili unazoea.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Kipimo kipo? Mpime sasa hivi. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe. Kama hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Binti wa Usagara
3.4. Anajitambua. Amekunywa.

Nesi Mstaafu
Baada ya dakika 15 mpime tena. Bado chini, rudia. Ikipanda mpe mkate au muhogo, chakula cha kweli, kwa sababu kidonge hicho hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena usiku. Cha leo asimeze tena. Kisha leo hii hii mpeleke kliniki na vidonge vyake vyote, uwaeleze anakula nini. Asilale peke yake.

Binti wa Usagara
4.6 sasa. Anakula muhogo. Tunatafuta bajaji.