Tuliokulia ziwani tukaenda kujifunza kuzamia baharini: tupeane uzoefu

Mleta mada:
Jana jioni, nikiwa mwaloni Kirumba, nilimwona kijana akijitupa majini kutoka kwenye mtumbwi ili akafungue wavu ulionasa, akakaa chini muda mrefu hata nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Hapo nikakumbuka mafunzo yangu ya kuzamia kwa mtungi wa hewa kule Nungwi. Naomba wenzangu wa Mwanza, Ukerewe, Musoma na Bukoba, mliowahi kubeba begi mgongoni kwenda Unguja, Pemba au Mafia kwa ajili hiyo, mweleze yaliyowakuta. Mimi jaribio la kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10 halikunisumbua, ila masikio yalinitesa, kwa sababu nilisubiri maumivu ndipo nikaziba pua na kupuliza ili kusawazisha mgandamizo masikioni, badala ya kufanya hivyo mapema na kwa upole.

Binti Pasiansi:
Masikio, kweli kabisa. Mimi nilimficha mwalimu kuwa nina mafua, na sikufika hata mita 3. Mwenye mafua asishuke.

Mzawa wa Ukara:
Mada hii imenirudisha mbali. Tangu nikiwa na miaka saba kazi yangu ilikuwa kuzama na kunasua nyavu za baba kwenye mawe, na sote tunajua namna yake: unavuta pumzi juu, unaibana, unashuka nayo na kupanda nayo. Mazoea hayo nusura yaniue Mafia.

Nilivuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni mwezi Desemba, kwa kuwa nilitaka pia kumwona papa potwe, yule papa mkubwa kuliko wote. Siku ya tatu ya mafunzo, tukiwa mita 12 chini, mwenzangu alinipiga kwa pezi usoni na miwani yangu ikajaa maji. Nilikuwa nimefundishwa kuibana miwani sehemu ya juu, kuinua uso na kutoa hewa puani mpaka maji yatoke, na nilikuwa nimelifanya zoezi hilo vizuri asubuhi ile ile. Lakini maji yalipogusa pua, mwili ukarudi Ukara. Nilibana pumzi na kupiga miguu kwenda juu kwa nguvu zangu zote.

Mwalimu wetu, mama mwenyeji wa Mafia, alinidaka mkanda wa mtungi na kunishusha hadi tukatazamana uso kwa uso. Alinipiga kifuani kwa kiganja, kisha akanionyesha kwa kidole mapovu yaliyotoka kinywani mwake, tena na tena, mpaka nikaelewa kwamba ananiambia nitoe pumzi. Sidhani kama ilifika nusu dakika, lakini hadi leo nayakumbuka mapovu yale.

Botini alinieleza kwamba kwenye mita 10 za maji ya bahari mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Pumzi uliyoivutia juu husinyaa ukishuka na hurudia kipimo chake ukipanda, kwa hiyo haiwezi kukuzidi. Hewa ya mtungi unaivuta ukiwa chini, nayo hutanuka kadiri unavyopanda, na ukiwa umefunga koo inaweza kupasua pafu. Hakuna aliyewahi kunieleza tofauti hiyo, nami nilijiona mjuzi wa maji kuliko darasa zima.

Mleta mada:
Kaka, nimesoma mara mbili, na viganja vimelowa jasho. Mimi pia nilikuwa nikibana pumzi bila kujua.

Mwenyeji wa Capri Point:
Poleni, lakini kwa nini tusafiri hadi pwani wakati ziwa tunalo?

Binti Pasiansi:
Kwa sababu ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kuzamia, yale yanayoonyesha ukae kina gani kwa muda gani, yametungwa kwa ajili ya bahari, hivyo lazima hesabu zirekebishwe. Aidha maji yetu hayaonyeshi mbali, na kuna kichocho.

Mwenyeji wa Capri Point:
Kichocho kiko kandokando, penye majani na konokono. Katikati ya ziwa hatari ni ndogo.

Binti Pasiansi:
Na boti utaipandia wapi, kaka, kama si kandokando?

Msafiri wa 116:
Nirudi Unguja. Nilipanda daladala ya 116 kutoka Darajani hadi Nungwi, na usiku nikaenda Kendwa kwenye sherehe ya mbalamwezi ufukweni, nikacheza na kunywa hadi karibu na alfajiri. Asubuhi mwalimu alinitazama macho tu, akanikatalia kushuka, na fedha ya siku hiyo ikapotea. Nililia. Leo namshukuru.

Mwenyeji wa Capri Point:
Mimi nilikesha nikazamia, na jioni nikapanda ndege kurudi Mwanza bila kudhurika.

Mzawa wa Ukara:
Ndugu, usiwape wadogo zetu mfano huo. Ukizamia mara kadhaa, ngoja angalau saa 18 kabla ya kuruka. Mwalimu wangu alidai 24, kwani naitrojeni ya hewa ya mtungi iliyoingia mwilini huhitaji muda kutoka, la sivyo inaweza kufanya mapovu mwilini ukiwa angani, ambako mgandamizo ni mdogo. Tumia siku hiyo kutembea Mji Mkongwe.

Binti wa Igogo:
Mimi bado sijaenda. Tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, mama hataki kusikia neno kuzama nyumbani kwetu, maana alipoteza dada yake. Naomba aliyewahi kumweleza mzazi wa namna hii aniambie alianzaje.

Msafiri wa 116:
Usimwambie mpaka urudi, dada.

Mleta mada:
Hapana, mwambie kabla. Akisikia kwa majirani atakosa usingizi zaidi.

Mzawa wa Ukara:
Mimi nilimwambia mama baada ya kurudi, nikamsimulia yote, hata lile la mita 12. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza yule mwalimu ana watoto wangapi, akaingia ndani, akatoka na furushi la dagaa ili nikienda tena nimpelekee.