Naomba ushauri: vifo vya Mpwapwa miaka ya 1890, ni malaria au njaa?

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Dodoma, nimekwama. Nina daftari nililonakili vifo vya Mpwapwa, miaka baada ya Wajerumani kuweka kituo pale 1889. Vingi vinaangukia Februari hadi Aprili, na sababu ni neno moja tu: homa.

Nilitaka kuandika malaria nimalize, maana mvua zetu huanza kama Desemba na mbu hufuata madimbwi. Lakini daktari Mwingereza Ronald Ross alimwona mdudu wa malaria ndani ya mbu 1897. Kabla ya hapo homa ilikuwa kapu la kila kitu. Halafu miezi hiyohiyo ghala la Mgogo huwa limebaki vumbi, mtama bado uko shambani, na sotoka, ule ugonjwa wa mifugo, ilishafyeka ng'ombe. Wapagazi nao wamo, wameandikwa "mpagazi" tu, bila jina. Inauma.

Nimepanga kwa mwezi, nikapanga kwa umri, bado havitengani.

Naombeni: nitumie dalili gani kutenganisha malaria na njaa? Na takwimu za mvua za enzi ya Wajerumani nianzie Nyaraka za Taifa Dar, au kuna pengine?