Tupeane uzoefu: Maua ya bustani kutoka kwenye sahani na glasi za kabatini

Mama wa Kimara (mleta mada)

Wakuu, salaam. Baada ya arobaini ya marehemu mama, ndugu waligawana vyombo vya kabatini, seti kwa seti. Vilivyobaki ni vile visivyo na wenzake: visosi bila vikombe, sahani zilizofifia maua ukingoni, bilauri za rangi, kibakuli cha sukari kisicho na mfuniko. Wengi walisema vitupwe. Mimi nilivibeba vyote, na sasa vimesimama juu ya nondo kati ya mirihani na waridi, ni maua yasiyonyauka kiangazi wala masika.

Naeleza ninavyoyatengeneza, nanyi mlete yenu, hasa ambao maua yao yameshapita masika zaidi ya moja. Hapo ndipo kazi inapojulikana.

Ua moja lina tabaka 3 au 4. Nyuma kabisa sahani kubwa bapa, mbele yake bakuli la kina kifupi, kisha kisosi, na katikati kitu kidogo kinachong'aa: kifuniko cha birika, kinara cha mshumaa, hata kile kishikio cha kioo cha droo. Kabla hujagusa gundi, vipange mezani, vizungushe, badilisha. Kioo chenye nakshi kinapendeza zaidi mbele ya sahani ya rangi moja, kwa sababu jua likipenya, rangi ya nyuma inajitokeza yote. Ukiweka kioo cha nakshi nyingi mbele ya sahani ya maua mengi, jicho halijui litue wapi.

Osha kwa sabuni, suuza, kausha, kisha futa kwa spiriti. Mafuta ya vidole tu yanatosha kuifanya gundi iachie. Natumia silikoni isiyo na rangi, ile ya mafundi wa madirisha ya alumini, inayonuka siki ikiwa mbichi. Ikikauka inabaki na mnyumbuko, hivyo vyombo vikitanuka kwa jua na kusinyaa usiku, nayo inafuata. Supaglu ni ngumu mno, inakatika. Ile gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa moto inalainika tena jua likiwa la utosi.

Jambo wengi hawalijui: silikoni hukauka kwa unyevu wa hewani. Ukiijaza katikati ya sahani mbili bapa, hewa haiifikii, na itabaki mbichi kwa wiki kadhaa. Weka matone yaliyoachana kuzunguka duara, upepo upite. Juu itashika haraka, lakini ndani inakwenda milimita 2 au 3 tu kwa siku. Liache ua limelala kivulini wiki nzima kabla ya kulisimamisha.

Kwa shina, nabandika chupa bapa ya kioo mgongoni mwa sahani, mdomo ukiangalia chini. Nondo ya milimita 10 inaingia mdomoni, ua linakaa. Ukitaka kulifuta vumbi au kulihamisha, unalichomoa.

Karibuni.

Fundi Mbagala

Shikamoo mama, na pole kwa msiba. Kazi yako nimeipenda, ila mimi gundi peke yake siiamini mahali watoto wanapocheza. Natoboa na kufunga bolti.

Biti ni ya almasi, ile yenye umbo la bomba, milimita 8. Za kawaida za ukutani zinakwangua tu hadi sahani inapasuka. Nalaza sahani juu ya ubao ndani ya beseni, maji yakiifunika kidogo. Drili iwe ya betri, kwa usalama wako, maana umeme na maji havikai pamoja. Anza ukiiinamisha kidogo mpaka biti ijichongee njia, ndipo uiinue wima. Mwendo wa taratibu, usikandamize, na ukikaribia kutokea upande wa pili legeza mkono zaidi, hapo ndipo vigae vinaporuka. Miwani ya kinga usiiache. Na usitoboe pakavu: biti inaungua, na vumbi lake si la kuvuta kifuani.

Kati ya kila sahani weka washa ya mpira. Nati ikaze kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana, basi.

Tahadhari kubwa ni kioo kilichoimarishwa kwa joto kiwandani: vyombo vingi vya ovenini, glasi nene za chai zinazoanguka bila kuvunjika, zile sahani za kahawia za kuona ndani. Havitobolewi kabisa. Mteja aliniletea sahani ya aina hiyo akasisitiza. Biti ilipogusa tu ikamwagika beseni zima vipande vidogo vidogo. Hivyo ni vya gundi tu.

Bi Kibokoni

Hodi jamvini. Mie niko Mombasa, na naona fahari kuisoma mada hii, kwa sababu pwani kupamba kwa sahani ni kazi ya tangu mababu. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka ukutani za kuwekea vyombo vya kauri. Nendeni Mambrui karibu na Malindi, au hapo kwenu Kunduchi, muone makaburi ya mnara yalivyopachikwa bakuli na sahani za Kichina ndani ya chokaa. Kunduchi pengi pamebaki mashimo ya mviringo tu, sahani zimeshang'olewa na watu, na jambo hilo linanisikitisha kila nikilikumbuka. Lakini hata shimo lenyewe linaonyesha jinsi fundi alivyopima: kisahani kimezama hadi ukingo, hakuna pa kukishika.

Nimeufuata mtindo huo kwenye ukuta wa uani kwangu. Visosi vya bluu na vyeupe, vimezamishwa kwenye plasta ikiwa mbichi, vimezungukwa na vigae vya sahani zilizovunjika kama petali. Vimekaa imara kuliko vya kwenye fimbo.

Kwa wenzangu wa karibu na bahari: nondo tupu msitumie. Chumvi inaila, kutu inashuka na mvua na kuacha doa la kahawia lisilotoka kwenye sahani nyeupe. Mie natumia bomba la plastiki, ndani nimejaza mchanga na saruji.

Afisa Afya

Mada nzuri, naomba niongeze moja. Ua lolote linaloangalia juu ni chombo cha maji. Mbu wa dengi, Aedes, anataga kwenye maji kidogo tu ya namna hiyo, na msimu wa joto kutoka yai hadi mbu kamili ni kama wiki moja hadi siku kumi. Mayai yake yanavumilia ukavu kwa miezi. Dar tuliona milipuko 2014 na 2019, tusisahau. Ua liangalie mbele, limeinama chini kidogo, au litobolewe kitovuni maji yatoke. Glasi zinazowekwa wima zigeuzwe mdomo chini.

Mama wa Kimara

Ahsante sana Afisa. Ya kwangu yote yanaangalia barabarani, lakini kibakuli cha sukari nimekiweka wima. Leo jioni nakigeuza. Bi Kibokoni, tuwekee picha ya huo ukuta tafadhali.

Mtanzania Minneapolis

Huku Marekani kazi hii ina wapenzi wengi, na vyombo napata maduka ya mitumba kwa bei ya chini. Shida yetu ni baridi. Maji yakiingia kwenye upenyo kati ya sahani yakaganda, ujazo wake unaongezeka kwa karibu asilimia 9, na sahani inaachana au inapasuka. Kwa hiyo kabla ya theluji naingiza yote gereji. Mfumo wa chupa na nondo wa Mama wa Kimara ndio unaonifaa, unachomoa tu.

Dada wa Rongai

Mimi vyombo nanunua soko la Gikomba, Nairobi, na moyo wa kuanza niliupata kwenye warsha ya vioo ya Kitengela, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, nilipoona jinsi vioo vilivyotupwa vimegeuzwa kuta na njia za kupita. Ushauri wangu ni wa kingo. Sahani iliyomeguka usiitupe. Paka maji, isugue kwa msasa wa maji hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha mmeguko uufiche nyuma ya tabaka linalofuata.

Swali: upepo unayatikisa, nondo mnaizamisha kiasi gani?

Fundi Mbagala

Dada, theluthi ya urefu wake. Udongo ukiwa wa kichanga, izungushie zege kwenye kopo la rangi kisha ulifukie. Ua lisizidi kimo cha kiuno kama sahani ni nzito.

Mama wa Kimara

Na msiyaweke chini ya mwembe, embe moja bichi linatosha kuvunja sahani zote.