Naomba ushauri: picha za maafa za uongo

Hamjambo wenzangu. Juzi mvua ilinyesha usiku kucha, alfajiri mamangu wa Likoni akanitumia picha ya feri imelala ubavu, watu wananing'inia. Nikapiga simu huku natetemeka. Kumbe feri zavuka kama kawaida. Nilipoikuza nikaona maandishi ubavuni hayasomeki, na mzee mmoja ana vidole sita. Lakini siku hizi picha za akili bandia (AI) hata vidole vinatoka sawa! Kimbunga Helene kilipopiga Marekani mwaka 2024, picha ya mtoto analia kwenye mashua, amekumbatia kijibwa, iliwaliza wengi, nayo ilitengenezwa kwa akili bandia. Google Lens, ile ya kutafuta picha ilikotoka, nimejaribu, mara nyingine haileti kitu. Nyinyi mwazitambuaje? Na mama nimwambieje asione namdharau?