Uzamili wa biashara kwa mhasibu aliyeko Pemba: MBA, au shahada ya fani moja?

Mhasibu wa Wete ameuliza:

Assalaam alaykum. Ninayo shahada ya kwanza ya uhasibu, na nimeajiriwa na kampuni ndogo ya hapa Pemba inayonunua mwani mkavu kwa wakulima, kuuweka ghalani, kisha kuwauzia wasafirishaji wanaoupeleka nje. Kwa cheo mimi ni mhasibu, lakini kwa kuwa tuko wachache, ndiye pia ninayeandaa mishahara, ninayezungumza na benki, na mpimaji akiugua ndiye ninayekwenda ufukweni na mizani. Mkurugenzi wetu ni mtu mzima sasa, na ameniambia kwamba angependa siku zijazo aniachie uendeshaji wa kampuni. Yuko tayari kuchangia sehemu ya ada endapo nitasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA.

Nimepitia mihtasari ya masomo ya vyuo kadhaa, na kila ninavyozidi kuipitia ndivyo ninavyozidi kusita. Masomo mengi ya MBA ninayaona kama yale niliyokwisha kuyasoma, nikabaki najiuliza kama si bora nichukue uzamili wa fedha peke yake, au niachane na chuo nimalizie mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaaluma. Pia ninaishi Wete nina watoto wanaosoma skuli za hapa, kwa hiyo kuhamia Unguja au Dar es Salaam kwa muda wote wa masomo si jambo jepesi. Na kuna suala la tasnifu: ninawajua watu waliomaliza masomo ya darasani vizuri kabisa, kisha wakakwama kwenye utafiti mpaka leo. Naomba ushauri wa waliopita njia hii, au wanaoifundisha.

Maalim wa Tunguu amejibu:

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Nianze na hofu yako ya kurudia masomo, kwa sababu ina msingi, na msingi wenyewe uko katika namna shahada hii ilivyoundwa. Dartmouth, huko Marekani, ilifungua skuli ya biashara ya ngazi ya uzamili mwaka 1900, na Harvard ikafuata mwaka 1908 na kuanza kutoa shahada kwa jina hili la MBA. Tangu enzi hizo programu ya namna hii imekuwa ikimpokea mtu aliyesoma fani nyingine yoyote, awe mhandisi, tabibu au mwalimu wa historia, ambaye huenda hajawahi kuishika mizania, yaani jedwali la mali na madeni, mkononi. Ndiyo maana mwaka wa kwanza hujazwa uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti, uchumi wa biashara, takwimu, masoko na tabia za watu kazini. Mhandisi huyaona yote hayo mapya. Wewe sehemu yake kubwa umekwisha kuifanyia mitihani, na baadhi unaifanya kila mwisho wa mwezi.

Kwa upande wa daraja, usihofu kwamba shahada moja ni kubwa kuliko nyingine. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uzamili wa aina zote mbili uko ngazi ya 9, ukitanguliwa na shahada ya kwanza katika ngazi ya 8 na kufuatiwa na uzamivu katika ngazi ya 10. Kinachotofautiana ni kina na upana. Uzamili wa fedha utakuingiza ndani ya mambo machache, kama vile kuthamini mradi kwa thamani halisi ya sasa (fedha za baadaye zikipimwa kwa thamani ya leo, gharama zikitolewa), muundo wa mtaji (mgawanyo wa mikopo na fedha za wenye kampuni), na hatari za kubadilika kwa thamani ya sarafu, jambo ambalo kampuni inayotegemea soko la nje haiwezi kulipuuza. CPA ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni sifa ya kitaaluma inayosimamiwa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na mtu anayetaka kuwa mkaguzi au mhasibu mkuu wa taasisi kubwa hana budi kuifuata, ila haimfundishi mtu kuongoza ghala.

Kwa maoni yangu, kwa mtu mwenye shahada ya uhasibu, uzamili wa fedha una faida zaidi kuliko MBA ya jumla. Hakikisha tu kwamba ufaulu wako wa shahada ya kwanza haukushuka chini ya daraja la pili la chini, yaani wastani wa 2.7, kwani chini ya hapo vyuo vingi vitakutaka upitie kwanza stashahada ya uzamili.

Bi Mkunazini amejibu:

Kwa heshima zote kwa Maalim, mimi sikubaliani na hitimisho lake, ingawa maelezo yake juu ya asili ya shahada hii ni sahihi. Mimi pia nilitoka kwenye uhasibu nikasoma MBA, na leo ninasimamia hoteli. Somo likiwa na jina lilelile si lazima swali liwe lilelile. Katika shahada ya kwanza tulifundishwa kuandika hesabu ziwe sahihi. Katika MBA mwalimu anakupa hesabu zilizokwisha kuandikwa sahihi, anakuuliza utafanya nini kesho asubuhi, na darasani kuna mtu wa masoko na mtu wa ununuzi ambao kila mmoja ana jibu lake na hayuko tayari kuliacha.

Nitatoa mfano kwa biashara ya huyu dada mwenyewe, kwa tarakimu za kubuni. Tuseme kampuni inawalipa wakulima taslimu palepale ufukweni, mwani unakaa ghalani siku 40 mpaka mzigo utimie kontena, na msafirishaji anailipa kampuni siku 60 baada ya kuupokea. Maana yake kila shilingi iliyotoka inarudi baada ya siku 100. Ikiwa mzigo ni wa shilingi milioni 100 na fedha hiyo imepatikana kwa gharama ya asilimia 18 kwa mwaka, basi kungoja peke yake kunakula karibu shilingi milioni 4.93 kwa kila mzunguko. (Anayeepuka riba akachukua fedha kwa murabaha, yaani benki inanunua kisha inakuuzia kwa faida, naye atakuta muda umeingizwa ndani ya faida ya benki.) Mhasibu ataiandika gharama hiyo mahali pake, tena bila kosa. Meneja ataitazama kwa namna nyingine: je, mzigo ukiuzwa kwa nusu kontena pamoja na kampuni jirani, siku 40 zitapungua? Je, msafirishaji atakubali kutanguliza sehemu ya malipo tukimpunguzia bei kidogo? Na wakulima wakiombwa wasubiri malipo kwa wiki moja, wangapi watamuuzia mnunuzi mwingine? Swali la kwanza ni la uendeshaji, la pili ni la majadiliano, la tatu ni la mahusiano na watu. Uzamili wa fedha utamsaidia sana kukokotoa ile milioni 4.93, lakini pa kuipunguzia ni huko kwingine.

Kuna profesa maarufu wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, Henry Mintzberg, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizikosoa skuli za biashara kwa kudhani kwamba uongozi unaweza kufundishwa kwa kijana asiyewahi kuongoza chochote. Ninakubaliana naye, na kwa sababu hiyohiyo ninaona MBA inamfaa muulizaji: yeye tayari anazungumza na benki, anapanga mishahara na anapima mwani, na ameshaambiwa kazi inayomsubiri. Angekuwa anataka kwenda kuwa mchambuzi katika benki, ningemwambia amsikilize Maalim.

Tahadhari yangu ni moja, nayo inahusu kazi za vikundi. Katika kundi la watu watano, mhasibu ndiye anayeachiwa jedwali lote la hesabu huku wengine wakigawana utangulizi na hitimisho. Likatae hilo tangu wiki ya kwanza, uombe sehemu ya masoko au ya rasilimali watu, maana hesabu unazijua.

Mkaazi wa Mkoani amejibu:

Ningependa kugusia suala la mahali, kwa kuwa wenzangu wamelipita. Zanzibar University iko Tunguu, Unguja, na inafundisha MBA. Skuli ya Biashara ya SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iko Chwaka, Unguja hukohuko. Dar es Salaam kuna Skuli ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampasi ya Mzumbe. Hivi vyote ni vyuo vya heshima, lakini darasa la jioni au la mwisho wa wiki limepangwa kwa ajili ya mtu anayetoka kazini akafika kwa gari. Anayetoka Wete anatakiwa kwanza afike Mkoani, na boti ina ratiba yake isiyojua habari za muhula, wala bahari ya kusi haisikilizi udhuru wa mtihani. Ukichagua huko, panga mapema pa kufikia na nani atabaki na watoto.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina kituo hapa Pemba, na mfumo wake ulibuniwa hasa kwa watu walio mbali na madarasa. Ubaya wake ni kwamba hutapata ule ubishani wa darasani aliousifu Bi Mkunazini, na anayesoma peke yake usiku akishalaza watoto anahitaji nidhamu ambayo si kila mtu anayo.

Ama shahada za vyuo vya nje zinazotangazwa kwenye intaneti kwamba mtu anaweza kuzimaliza kwa muda mfupi, usilipe hata shilingi moja kabla hujathibitisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba shahada hiyo itatambuliwa nchini. Na mchango wa mwajiri uandikwe katika mkataba unaoonyesha kiasi, tarehe za kulipa, na utatakiwa kuitumikia kampuni kwa muda gani baada ya kuhitimu. Ahadi ya mdomo, hata ya mtu mwema, haimfungi mrithi wake.

Mhasibu wa Wete ameandika tena:

Ninawashukuru nyote. Hoja ya Bi Mkunazini juu ya siku 100 imenigusa, kwa sababu kwetu hali halisi haiko mbali na hiyo. Ninaelekea kuchagua MBA, na kwa sasa ninalinganisha Tunguu na Chuo Kikuu Huria. Imebaki tasnifu. Nilikuwa nafikiria kuandika juu ya «Athari za mikopo midogo katika utendaji wa biashara ndogondogo Pemba». Je, Maalim, mada hiyo inafaa?

Maalim wa Tunguu amejibu:

Bi Mkunazini amenijibu kwa hoja, nami sina ugomvi na uamuzi wako. Mada, hata hivyo, naomba uiache. Rafu za maktaba zetu zimejaa «athari za» kitu fulani «katika utendaji wa» kitu kingine, na nyingi zimetembea njia moja: dodoso lenye majibu matano kuanzia «sikubaliani kabisa» hadi «ninakubaliana kabisa», wafanyabiashara waliolijaza kwa haraka ili mgeni aondoke, kisha majedwali ya SPSS, ile programu ya kompyuta ya takwimu, yanayothibitisha kwamba mikopo husaidia. Mwanafunzi hukwama hapo kwa sababu hakuwa na swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kujua jibu lake, na dodoso lisiporudi anakuwa hana cha kuandika.

Wewe unakaa juu ya takwimu. Daftari la manunuzi linakuonyesha kilo zilizonunuliwa kwa kila tarehe na kila ufukwe, na hati za kupakia zinakuonyesha kilo zilizotoka ghalani. Mwani ukinunuliwa haujakauka sawasawa unaendelea kupoteza maji ghalani, kwa hiyo kilo ulizolipia si kilo utakazolipwa. Upungufu huo ni kiasi gani? Je, unatofautiana kati ya aina mbili za mwani, spinosamu na kotonii, kati ya msimu wa mvua na kiangazi, kati ya mpimaji mmoja na mwingine? Na ukiwa mkubwa, ni nafuu kulipa bei ya juu kidogo kwa mwani uliokauka vizuri, au kujenga vichanja vya kuanikia na kuukausha wenyewe? Hilo ni swali la uhasibu wa menejimenti, la ununuzi na la mahusiano na wakulima kwa pamoja, na mkurugenzi wako atakuwa msomaji wake wa kwanza.

Mambo mawili uyatengeneze kabla ya kuandika pendekezo la utafiti. Pata ruhusa ya maandishi ya kampuni kutumia kumbukumbu zake, mkikubaliana ni tarakimu zipi zitachapishwa na zipi zitafichwa, kwa sababu bei mnazonunulia ni siri ya biashara na tasnifu huwekwa maktaba. La pili linahusu wakulima. Ukitaka kuwahoji, usiende mwenyewe, maana wanakujua kuwa ndiye mwenye mizani, na mkulima hatamwambia mwenye mizani kwamba mizani haimridhishi. Mtafute mwenzako wa darasani asiye na uhusiano na kampuni, apewe kibali cha utafiti na barua ya kumwonyesha sheha, afanye yeye mahojiano, na majina ya waliohojiwa yasikufikie.