Soya yangu haina vinundu kwenye mizizi, nimekosea wapi?

Mlima_Soya
Habari za jioni wakuu. Niko Songea vijijini, mwaka huu nimelima soya heka moja na nusu kwa mara ya kwanza, eneo lilikuwa la mahindi miaka mingi tu. Sasa hivi ina wiki ya sita, imeanza kutoa maua, ila majani yamekuwa ya njano kuanzia chini na yanazidi kupanda juu, siyo njano ya ugonjwa, ni ile ya njaa, ukiiona unaijua. Wakati wa kupanda niliweka urea kidogo maana ndivyo tulivyozoea kwenye mahindi, wiki ya tatu nikarudia. Jirani kaniambia soya inajitengenezea mbolea yenyewe kwa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi, nikang'oa miche kama mitano, mizizi misafi, hakuna kinundu hata kimoja. Hao bakteria wanatoka wapi, mmea unawapataje? Au mbegu ni mbovu? Naombeni msaada, humu nimeweka hela ya ada ya mtoto.

Jembe_la_Mkono
Mkuu uling'oa au ulichimba? Ukivuta kwa mkono vinundu vinabaki ardhini. Chimba pembeni kama kiganja hivi, nyanyua mche na udongo wake, loweka kwenye ndoo mpaka udongo uachie wenyewe ndo uangalie. Ukikuta kinundu kipasue kwa kucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama mbichi kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hapo hakuna kitu.

Mama_Shamba
Pole sana kaka. Mbegu usiilaumu kwanza. Iko hivi, mzizi haukai kimya ardhini, unatoa majimaji yenye sukari, asidi na kemikali nyingine nyingi, na kila kemikali ina wa kuisikia. Soya ikiwa na njaa ya naitrojeni inamwaga kemikali za jamii ya flavonoidi, bakteria wake wakizinusa nao wanajibu kwa kemikali yao, basi kile kinyweleo cha mzizi kinajikunja kama ndoano kinawakumbatia, wanaingia ndani, mmea unawajengea chumba, hicho ndo kinundu. Mmea unawalisha chakula kilichotokana na jua, wao wanachukua naitrojeni ya hewani, na hewa yetu hii 78% ni naitrojeni, wanaigeuza mmea uweze kuitumia. Ile rangi nyekundu ni protini ndugu ya ile ya damu yetu, mmea unaiweka mle kudhibiti oksijeni maana ikizidi kazi ya bakteria inasimama.

Sasa wewe umeweka urea mara mbili, na urea ni mbolea ya naitrojeni. Kulisha wageni ni gharama, mmea ukikuta naitrojeni ya bure miguuni hauna sababu ya kuwaita. Halafu urea ikishanywewa na nyingine kuoshwa na mvua, mmea unabaki hauna mbolea na hauna bakteria. Ila hilo peke yake silioni kama linatosha kukosa kabisa, chimba kwanza kama ulivyoambiwa utuletee majibu.

Nyakwar_Ziwa
Niko upande wa Siaya na nataka kuongeza kitu hapa, kwa sababu huku kwetu hiyo habari ya mizizi kuita imetuumiza. Mahindi yakikosa fosforasi yanatoa kemikali inaitwa strigolaktoni kuita fangasi wazuri, wale wenye nyuzi nyembamba zinazofika mahali mzizi haufiki na kuletea mmea fosforasi. Shida ni kwamba mbegu ya gugu la kayongo, nyinyi huko nafikiri mnaita kiduha, imelala kwa udongo miaka na miaka ikingoja harufu hiyo hiyo. Ikisikia tu inaota na kujishika kwa mzizi. Kemikali ya kwanza ya jamii hiyo iligunduliwa 1966 kwa sababu ya kiduha, lakini ni 2005 ndio ilionyeshwa kwamba mmea huitoa kuita fangasi, kabla ya hapo watu walishangaa mbona mmea ujiitie adui. Mimi nimepanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, ile njia ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita, mizizi yake inaiotesha kayongo na kuizuia isishike mahindi, hivyo inakufa. Na hiyo desmodiamu ina vinundu pia, kwa hivyo udongo unapata naitrojeni. Msimu wa tatu sasa, pale nilikuwa nang'oa kayongo yenye maua ya zambarau kwa magunia nang'oa ya kuhesabu.

Mlima_Soya
Nimerudi. Nimechimba miche kumi sehemu tofauti, nimeloweka, hamna kitu. Ila kuna jambo limenishangaza, pembeni kuna kunde zimejiotea zenyewe, hatua moja tu kutoka kwenye soya, nikachimba mmoja nao, una vinundu vimejaa kama shanga, nikapasua, vyekundu kabisa! Udongo ule ule. Inakuwaje hii?

Mama_Shamba
Hapo ndo umepata jibu lako kaka, hongera kwa kuchimba hizo kunde. Bakteria wapo ila si wa soya yako. Kunde haichagui sana, soya nyingi zinachagua, lugha inayoita haiendani na waliopo shambani. Zipo aina za soya zinazoanza na TGx, IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, walizitengeneza Nigeria makusudi ziweze kutumia bakteria wa kwetu. Kama mbegu yako siyo hiyo basi msimu ujao tafuta chanjo ya mbegu, yaani bakteria wa kupaka kwenye mbegu, hakikisha ni ya soya, ya maharage haitakusaidia. Paka kivulini, usichanganye na dawa ya mbegu, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, jua linawaua haraka sana. Urea acha, weka mbolea ya fosforasi kama TSP au Minjingu maana vinundu vinahitaji fosforasi.

Kwa msimu huu chanjo umechelewa. Wakati huu wa maua weka urea kidogo kando ya mstari mvua ikiwa imenyesha, vitumba visikose chakula. Najua nimekukataza urea hapo juu, ila mmea usio na kinundu hata kimoja hauna kwingine pa kupata.

Mlima_Soya
Nimekuelewa dada. Jana kumenyesha, kesho asubuhi naingia shambani.